Kilomita ya Kwanza Haisemi Kweli

Ukiwauliza watu ni mbio zipi zinazohitaji akili ya kugawa nguvu, wengi watakutajia marathoni. Kilomita 42 na ushei ni safari, na safari hupangwa. Mbio fupi za jamii, zile za kilomita 5 za mwisho wa wiki, za hisani au za wafanyakazi, hazionekani kuhitaji mpango wowote: firimbi inalia, unakimbia, unafika, unapiga picha. Mimi nimefikia kuamini kinyume chake. Mbio ndefu humpa mtu nafasi ya kujirekebisha. Ukigundua kwenye kilomita ya sita kwamba umeanza kwa pupa, zimebaki 36 za kurudisha mambo kwenye mstari. Mbio fupi hazina huruma hiyo. Pupa ya dakika mbili za kwanza ukiitambua kwenye dakika ya nane, umeshamaliza robo au theluthi ya njia. Mwili hautatulia mpaka upunguze mwendo kwa dakika kadhaa, na katika mbio za nusu saa dakika kadhaa ni nyingi mno kuzitoa sadaka.

Na ile methali ya haraka haraka haina baraka haisaidii kitu hapa, maana haraka ndiyo tuliyoijia. Swali ni haraka ya kiasi gani, na ianze lini.

Mfano maarufu zaidi wa mbio hizi ni parkrun. Ilianza tarehe 2 Oktoba 2004 katika bustani ya Bushy Park, London, pale Paul Sinton-Hewitt alipokusanya wakimbiaji 13 wakimbie kilomita 5 na kupimiwa muda. Leo hufanyika katika nchi nyingi, kila wiki, bila kiingilio, kazi yote ikibebwa na watu wa kujitolea, na waandaaji husisitiza kwamba si mashindano. Nakubaliana nao kabisa. Lakini waweke watu mia mbili kwenye mstari mmoja, waambie kwa upole kwamba haya si mashindano, kisha hesabu tatu, mbili, moja, uone kitakachotokea.

Kinachotokea ni kwamba watu wa kila aina huondoka kwa mwendo unaokaribiana. Yupo kijana atakayemaliza kwa dakika 17, yupo mama anayesukuma kigari cha mtoto, yupo mzee wa miaka sabini na kitu, wapo watoto, yupo anayekimbia kwa mara ya kwanza tangu alipomaliza shule. Katika mbio za wataalamu, aliye pembeni yako ana uwezo unaokaribia wako, kwa hiyo ukimfuata hujapotea mbali. Hapa aliye pembeni yako hujui ni nani. Anaweza kuwa anakimbia mwendo wake wa kustarehe ambao kwako ni wa kufa na kupona. Mita mia tatu za kwanza kundi lote huenda kama mto, na asiye na mwendo wake kichwani huchukuliwa na maji.

Nikijitolea, sehemu ninayoiomba ni alama ya kilomita ya kwanza. Wengi hupenda kusimama kwenye mstari wa kumalizia, penye makofi na vicheko, lakini mimi naona huko hadithi imeshaandikwa. Kwenye kilomita ya kwanza ndiko inakoandikwa. Wala huhitaji saa kuisoma; fumba macho usikilize. Kuna wanaopita wakiwa wanazungumza kwa vifungu vifupi. Kuna wanaopumua kwa mpigo unaoeleweka, kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Na kuna wale ambao pumzi zao zimeshavurugika, mdomo wazi, mabega yamepanda hadi masikioni, nao bado wanapita wengine. Hao ndio ninaowaangalia zaidi. Ukiwatazama usoni, hawaonekani kuteseka. Wanaonekana wenye furaha! Wanajisikia vizuri kuliko kawaida, wanashangaa leo kuna nini, na wengine hunipungia mkono. Nikiwaona tena njia inapopinda kurudi, kwenye kilomita ya tatu, wanatembea, mikono kiunoni.

Watoto ni habari nyingine. Wanatoka mbio kama waliofukuzwa, wanatembea, wanachomoka tena, wanasimama kuangalia mdudu, wanachomoka. Sijawahi kumshauri mtoto kuhusu mwendo na sidhani nitaanza.

Kwa nini basi mtu mzima mwenye akili zake, aliyejiapiza jana usiku kwamba ataanza polepole, anaanza mbio? Maelezo ya kawaida ni msisimko, na ni kweli upo: moyo umeshaanza kwenda kasi kabla ya firimbi, watu wanakutazama, miguu imepumzika siku mbili. Lakini msisimko peke yake hautoshi kueleza. Jambo lenyewe liko kwenye namna mwili unavyopata nguvu, na ukilielewa utaona kwamba mtu yule hakukosa nidhamu. Alipewa taarifa isiyo ya kweli na mwili wake mwenyewe.

Misuli ina akiba ndogo ya nguvu ya papo hapo ambayo, ukikimbia kwa nguvu zako zote, huisha ndani ya sekunde kama kumi. Nyuma yake kuna njia ya kuvunja sukari bila kusubiri oksijeni, yenye kasi lakini isiyoweza kutegemewa kwa muda mrefu. Na kuna njia kuu, ile ya oksijeni, ambayo ndiyo inayobeba sehemu kubwa kabisa ya kazi katika kilomita 5. Tatizo ni kwamba njia hii kuu haiwaki papo hapo. Mapafu, moyo na mishipa huhitaji dakika mbili au tatu kufikia kiwango kinacholingana na mwendo uliouanza. Katika dakika hizo, miguu inafanya kazi ya mwendo wa mbio lakini pumzi bado iko nyuma, inakuja. Pengo lililopo katikati linajazwa na zile akiba. Wewe huhisi chochote, kwa sababu kitu unachokitumia kujua kama unajitahidi, yaani pumzi, bado hakijapata habari.

Kwa hiyo mwendo wa kufa na kupona na mwendo wa kawaida, katika dakika ya kwanza, vinaweza kuhisika karibu sawa. Tofauti yake hujitokeza kwenye dakika ya tatu au ya nne, wakati pumzi inapofika na kukuta miguu imeshatumia zaidi ya ilichostahili. Hapo ndipo mapaja yanapoanza kuwa mazito. Kwa miaka mingi lawama zote alitupiwa lakteti, ile tunayoiita asidi ya laktiki. Siku hizi inafahamika kwamba mwili huitumia lakteti kama chakula cha misuli na moyo, na kwamba uchovu ule unatokana na mambo kadhaa yanayokwenda pamoja. Lakini kwa mkimbiaji aliye kwenye kilomita ya tatu, kujua nani wa kulaumiwa hakumpunguzii uzito wa miguu.

Kutokana na hayo nina kanuni moja tu, na mengine yote ninayoyasema hutoka humo. Dakika tatu za kwanza usiuamini mwili, amini mpango. Baada ya hapo, usiiamini saa, amini mwili. Watu wengi hufanya kinyume: huanza kwa kusikiliza hisia zao, wakati hisia hazijui kitu, kisha wakishaharibu huanza kuitumikia saa, wakijilazimisha kushika tarakimu ambayo miguu haina tena.

Tuchukue hesabu. Mtu mwenye uwezo wa kukimbia kilomita 5 kwa dakika 27 na kitu anaanza na kilomita ya kwanza kwa 4:50 kwa sababu anajisikia vizuri. Ya pili inakuja 5:20. Ya tatu 5:50. Ya nne 6:05, pengine na kutembea kidogo. Ya mwisho anajikusanya, anapata 5:45. Jumla ni 27:50. Sasa mtu huyohuyo, siku nyingine, aanze na 5:35, ambayo itamkera, kisha 5:30, 5:30, 5:25, na mwisho 5:10. Jumla ni 27:10. Sekunde 40 si nyingi, utasema. Lakini angalia alivyozipata: katika mbio za kwanza alipitwa na watu kwa kilomita tatu mfululizo, kila dakika ikiwa mbaya kuliko iliyotangulia, katika za pili alikuwa yeye anayepita. Mwili uleule, mapafu yaleyale, lakini asubuhi mbili tofauti kabisa. Na tukiacha muda kando, nadhani hili ndilo linaloamua kama mtu atarudi wiki ijayo au ataamua kwamba kukimbia si kwa watu kama yeye.

Wanaokimbia kwa kiwango cha juu kabisa hulijua hili vizuri. Tarehe 14 Agosti 2020, Mganda Joshua Cheptegei alivunja rekodi ya dunia ya mita 5000 huko Monaco kwa muda wa 12:35.36, akiiondoa ya Kenenisa Bekele ya 12:37.35 iliyokuwa imekaa tangu 2004. Ni wastani wa takriban 2:31 kwa kila kilomita, na cha kustaajabisha kuliko kasi yenyewe ni jinsi kilomita zake zilivyofanana. Pembeni mwa uwanja kulikuwa na taa ndogo zilizopangwa kuwaka kwa mwendo wa rekodi, zikimwonyesha wakati wote alipotakiwa kuwa. Fikiria hilo: mmoja wa wakimbiaji bora kuwahi kutokea, mwenye hisia ya mwendo iliyonolewa kwa miaka, bado alipewa taa za kumwongoza. Sisi tunadhani tutaweza kwa kukisia.

Mtu atasema, mbona David Rudisha? Ni kweli. Katika fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya London, tarehe 9 Agosti 2012, Rudisha alikimbia mzunguko wa kwanza kwa 49.28 na wa pili kwa sekunde 51 na ushei, akaweka rekodi ya dunia ya 1:40.91. Alianza kwa kasi akamaliza taratibu zaidi, na ikawa rekodi. Lakini mita 800 huisha kabla ile pumzi niliyoieleza haijakaa sawasawa. Mbio nzima iko ndani ya kile kipindi cha mwili kutojua. Ndiyo sababu rekodi nyingi za mita 800 zimepatikana kwa mzunguko wa kwanza kuwa wa kasi zaidi, na mbio za mita 5000 na 10,000 huenda kwa mwendo uliosawazishwa na kuongeza mwishoni. Kilomita 5 zako za jamii, hata kama kwa jina ni fupi, haziko upande wa Rudisha. Ziko mbali naye sana, hasa ukizimaliza kwa nusu saa.

Ambaye hunisumbua kidogo ni Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, Mtanzania huyu alitoka mbele tangu mwanzo wa fainali ya mita 1500, akapita mita 800 kwa takriban 1:52, akiwaacha wenzake nyuma kwa mita nyingi, na kila aliyejua riadha akisubiri aanguke. Hakuanguka. John Walker wa New Zealand alimfukuza hadi utepeni, lakini Bayi alimaliza kwa 3:32.16, rekodi ya dunia, na Walker mwenyewe wa pili akawa ameipita rekodi ya zamani ya Jim Ryun. Nampenda Bayi kwa sababu aliikataa hekima ya wakati wake mbele ya macho ya watu wote. Lakini ukisoma vizuri mbio zile, hakuwa amechukuliwa na msisimko wa kundi. Kuongoza tangu mwanzo ndio ulikuwa mtindo wake, aliuzoea, alijua mwili wake utafanya nini baada ya mzunguko wa pili. Anayeanza kwa kasi akiwa ameamua na anayeanza kwa kasi kwa sababu wengine wameanza kwa kasi ni watu wawili tofauti, hata kama kwenye kilomita ya kwanza wanapita mbele yangu pamoja.

Basi dakika tatu za kwanza mtu azifanye vipi?

Kwanza, simama mahali pako. Hili ndilo rahisi kuliko yote na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Ukisimama mstari wa mbele na wewe ni wa dakika 32, utaondoka na watu wa dakika 19, na utakuwa kikwazo kwa walio nyuma yako. Nenda katikati, au nyuma ya katikati. Msongamano wa mwanzo watu huulaani, lakini kwangu ni msaada wa bure: unakuzuia kufanya ambacho ungekijutia. Usihangaike kupenya huku na kule kutafuta mwanya. Kila unapochomoka, kupunguza na kuchomoka tena, unatumia ileile akiba ndogo, na unachokipata ni mita mbili.

Pili, pasha mwili joto, hata kama mbio ni fupi. Au niseme, hasa kwa sababu mbio ni fupi. Watu huwaza kwamba kilomita 5 ni chache, wakitanguliza kukimbia dakika kumi watajichosha. Lakini dakika kumi au kumi na tano za kukimbia taratibu, zikifuatwa na vipande vichache vya mita themanini au mia kwa mwendo wa haraka kidogo, zinaiamsha ile njia ya oksijeni mapema. Firimbi ikilia, pumzi haiko mbali tena. Lile pengo linapungua, na uongo wa dakika ya kwanza unakuwa mdogo. Mwenye siha ya mwanzo kabisa anaweza kutembea kwa haraka badala yake. Kinachotafutwa ni moyo uwe umeshaamka.

Tatu, uwe na tarakimu moja kichwani: mwendo wa kilomita ya kwanza. Si muda wa kumaliza. Ukilenga dakika 30, kila kilomita ni 6:00, na mimi ningeanza na 6:05 au 6:10. Saa za mkononi zenye GPS zinasaidia, ila usiangalie ile tarakimu ya mwendo wa papo hapo, ambayo huruka kama panzi, hasa chini ya miti na kwenye kona kali. Weka ikuonyeshe wastani wa kilomita unayoikimbia. Na usishangae saa ikikuambia umekimbia kilomita 5.08 wakati njia ni 5. GPS ina makosa yake, nawe pengine umezikata kona kwa nje.

Kwenye alama ya kwanza, jipime kwa mdomo. Sema sentensi fupi kwa sauti, hata "asante" kwa mtu wa kujitolea aliyesimama pale. Ikitoka yote kwa pumzi moja, uko sawa. Kama unaweza kusimulia kisa kizima, una nafasi ya kuongeza. Ikikatika katikati ya neno, punguza sasa hivi, usisubiri, kwa sababu sekunde kumi unazozitoa hapa ni za bei nafuu kuliko zozote utakazotozwa mbele.

Baada ya hapo saa iache. Najua ni vigumu, lakini njia nyingi za jamii zina kilima, zina matope, zina upepo upande mmoja, na siku nyingine jua limekuwa kali. Anayeshikilia 6:00 kwenye mlima anakimbia kwa nguvu nyingi zaidi ya anayeshikilia 6:00 kwenye tambarare, na atailipa juu kabisa ya kilima, pale ambapo angepaswa kuwa anaanza kushuka kwa raha. Kinachotakiwa kubaki sawa ni juhudi. Mlimani fupisha hatua, acha mwendo ushuke, pumzi ibaki ileile. Mteremkoni acha miguu iende bila kuizuia wala kuisukuma. Mimi husikiliza mpigo: hatua mbili kuvuta, hatua mbili kutoa. Mpigo huo ukivunjika kabla ya kilomita ya nne, nimezidisha. Siku ya joto kali sijadiliani hata kidogo. Damu inayopaswa kwenda miguuni inakwenda pia kwenye ngozi kupoza mwili, na hakuna ujasiri unaoweza kubadilisha mgawanyo huo. Na mtu akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, mambo ya mwendo yamekwisha, anasimama na kuita msaada.

Kilomita ya tatu na ya nne ndizo ningependa watu wazizungumzie zaidi. Hazina msisimko wa mwanzo wala harufu ya mwisho. Aliyeanza vizuri hufika pale akiwa mzima, na hatari yake si kuchoka bali kusinzia akikimbia. Akili inatangatanga, unawaza kazi, unawaza kufua, na bila uamuzi wowote mwendo unashuka sekunde kumi au kumi na tano kwa kilomita. Huhisi, kwa sababu kushuka kule kunahisika kama nafuu. Nimeona watu waliojipanga kwa ustadi mwanzoni wakapoteza muda wao wote hapa, kisha wakachomoka mita mia za mwisho kwa kishindo, meno nje, wakiwapita watu kumi.

Watazamaji hushangilia kuchomoka huko. Mimi hupiga hesabu. Mtu wa mwendo wa 5:30 anatumia sekunde 33 kwa mita 100. Akichomoka hadi mwendo wa 4:00, anatumia 24. Ameokoa sekunde tisa, na amejichosha vibaya. Lakini kama alisinzia sekunde 15 kwenye kilomita ya tatu na 15 kwenye ya nne, ameshatoa 30. Hakuna mita mia duniani zitakazomrudishia. Kuchomoka kwa nguvu nyingi kupita kiasi mwishoni ni dalili kwamba nguvu zilikuwepo na hazikutumika mahali pake. Dawa yake ni kazi ndogo ya kuupa ubongo: chagua mgongo mmoja mbele yako, mita kumi au kumi na tano, uukaribie taratibu hadi mwisho wa kilomita. Ukiufikia, chagua mwingine. Wenye migongo hawana haja ya kujua.

Baadhi ya mbio huwa na waongoza mwendo, watu wa kujitolea waliovaa fulana zilizoandikwa muda mgongoni: 25, 30, 35. Ni msaada mkubwa kwa anayejifunza, ila nao ni binadamu, nao wana msisimko, na kundi linalowazunguka huwa nene. Ningekaa nyuma yao mita ishirini hadi kilomita ya pili, halafu nione.

Kuna pia wanaotembea. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, aliieneza njia ya kukimbia na kutembea kwa zamu zilizopangwa, na namwona ni miongoni mwa watu walioelewa mwendo kuliko wengi. Siri yake ni kwamba unatembea tangu mwanzo, kabla hujachoka: dakika tatu mbio, dakika moja kutembea, kwa mfano, kuanzia dakika ya tatu ya kwanza wakati kundi zima bado linakupita na heshima yako inalalamika. Anayetembea kwa mpango kwenye dakika ya tatu na anayetembea kwa kushindwa kwenye dakika ya kumi na nane wanaweza kuonekana sawa pichani. Kwenye matokeo, wa kwanza mara nyingi yuko mbele.

Uzuri wa mbio za kila wiki ni kwamba njia ni ileile, siku ni ileile, na hakuna kilichopotea ukiharibu. Zitumie kujaribu. Wiki moja anza taratibu hadi ikukere, uone utapita wangapi. Wiki nyingine funika saa kwa mkono wa shati, kisia muda wa kila kilomita, kisha ukifika nyumbani linganisha makisio na ukweli. Mwanzoni yatatofautiana sana, na kwa wengi kilomita ya kwanza ndiyo inayokisiwa vibaya kuliko zote. Katikati ya wiki, kimbia vipande vitatu au vinne vya kilomita moja kwa mwendo unaoulenga, ukipumzika dakika mbili kati yake, na lengo liwe moja: kipande cha kwanza na cha mwisho vifanane. Ni zoezi gumu kuliko linavyosikika. Karibu kila mtu cha kwanza hukimbia mno.

Ukihamia kilomita 10, zile dakika tatu za kutouamini mwili zifanye kilomita mbili nzima, na kipande cha kusinzia kitakuwa kirefu zaidi, kuanzia ya tano hadi ya nane. Ukikimbia kilomita 3, punguza tahadhari. Pengo la mwanzo ni sehemu kubwa ya mbio na lazima ukubali kuumia mapema.

Na kama unakimbia na rafiki au mwenzi wako, mkubaliane mtatumia mwendo wa nani. Mkubaliane kabla ya firimbi, mkiwa bado mnapasha mwili joto, maana kwenye kilomita ya tatu mmoja wenu hatakuwa na pumzi ya kujadiliana.